Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Pamoja na Wanafunzi wa Udaktari Katika Nyanda za Juu Kusini

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mikoa ya Iringa na Mbeya usemi huo umepata maana ambayo pengine wahenga wenyewe hawakuitazamia, kwani wako wageni ambao kila mwaka hufika huko na kwenda moja kwa moja hospitalini. Si wagonjwa, wala bado si madaktari. Ni vijana wa vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani, ambao hukaa majuma manne, sita au manane wakitazama jinsi taifa letu linavyowatibu watu wake, kisha wakalinganisha na jinsi watu wanavyotibiwa makwao. Makala haya yanaifuata njia wanayopita, kuanzia mlima Kitonga hadi chini ya mlima Loleza, ili tuone wanajifunza nini, na sisi wenyeji tunapona kwa lipi.

Wengi wao huja kati ya Juni na Agosti, vyuo vya kwao vinapofungwa. Huo ndio pia msimu wa baridi kali katika nyanda hizo. Basi litokalo Dar es Salaam hupita Morogoro, hukatiza Hifadhi ya Mikumi, hushuka Ruaha Mbuyuni kwenye joto na mibuyu, kisha huanza kuupanda Kitonga, kona baada ya kona, likinguruma nyuma ya malori ya Zambia. Kijana aliyevaa shati jepesi kwa kuamini kuwa Afrika yote ni joto huanza kujikunyata kabla hajauona mji wa Iringa, ulioko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Wauza mitumba wa mji huo wanaufahamu vizuri msimu wa wageni hawa, na masweta huwekwa mbele.

Baada ya kumaliza mlima, msafiri hufika Ilula, mji mdogo wa nyanya na vitunguu. Mbele kidogo, kando ya barabara, ni Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 majeshi ya Wahehe yaliukatilia mbali msafara wa askari wa Kijerumani. Wageni wa siku zile walikuja na bunduki. Wa siku hizi huja na daftari, na Ilula imewazoea. Hospitali ya Kilutheri iliyopo hapo ni ya Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ambayo tangu mwaka 1987 ina ushirikiano na Walutheri wa eneo la St. Paul katika jimbo la Minnesota, Marekani. Ushirikiano huo waliuita Bega kwa Bega, kwa Kiswahili hicho hicho, hata huko Minnesota.

Mwanafunzi atokaye Marekani huja na jambo zito moyoni. Nchi yake ina hospitali zenye mitambo ya kila aina, lakini haina mfuko mmoja wa matibabu kwa raia wote. Mwaka 1965 ilianzishwa mifuko miwili: Medicare, kwa wazee wa miaka 65 na zaidi, na Medicaid, kwa watu wenye kipato kidogo. Wengine wengi hutegemea bima wanayopewa na mwajiri, na anayeachishwa kazi huweza kuipoteza bima pamoja na mshahara. Msomaji wetu wa kiwandani au ofisini atatambua mara moja uzito wa jambo hilo. Kwa hiyo swali la kwanza la kijana huyo akiona foleni ya asubuhi huwa ni hili: hawa wote, nani anawalipia?

Ukitoka Iringa mjini kuelekea magharibi utapita Kalenga, ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa hadi ilipoangushwa mwezi Oktoba 1894. Mbele yake, juu ya kilima, ni Tosamaganga, jina ambalo kwa Kihehe husemwa kuwa lina maana ya kutupa mawe. Hapo pana misheni kongwe ya Kikatoliki yenye majengo ya matofali mekundu, na pana hospitali inayowahudumia wananchi wa wilaya. Ni hospitali ya kanisa, lakini ni hospitali teule, yaani serikali imeiteua ifanye kazi ya hospitali ya wilaya, nayo huisaidia kuibeba kazi hiyo. Mpango wa namna hii, wa kanisa na serikali kushika mpini mmoja, wageni wengi hawajawahi kuuona.

Wanafunzi wengi wa Tosamaganga hutoka Italia. Shirika la madaktari liitwalo CUAMM, lililoanzishwa Padova mwaka 1950, limekuwa likifanya kazi Tanzania tangu mwaka 1968. Tangu mwaka 2005 shirika hilo lina mpango wa kuwapeleka wanafunzi wa udaktari Afrika kwa mwezi mmoja, na Tosamaganga ni miongoni mwa hospitali zinazowapokea. Mwezi mmoja ni muda mfupi. Hautoshi kumfanya mtu daktari wa kitropiki. Lakini, kwa mtu mwenye macho, unatosha kumwonyesha kuwa njia ya kwao siyo njia pekee duniani.

Italia na Tanzania zina jambo moja la kulinganisha ambalo wengi wamelisahau. Mwezi Septemba 1978 mataifa ya dunia yalikutana Alma-Ata, katika Umoja wa Kisovieti wa wakati huo, yakakubaliana kuwa afya ya msingi ianzie pale watu wanapoishi. Miezi mitatu baadaye, tarehe 23 Desemba 1978, Italia ilipitisha sheria ya kuunda huduma ya afya ya taifa kwa raia wote, inayogharimiwa kwa kodi. Tanzania, iliyokuwa maskini kuliko Italia kwa mbali, ilikuwa tayari imekwisha kuishika njia hiyo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa katika miaka ya 1970, nguvu zilielekezwa kujenga zahanati na vituo vya afya vijijini, na mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku utabibu wa kibinafsi wa kutafuta faida. Kijana wa Kiitalia anapoambiwa hayo hushangaa, maana alidhani amekuja kutazama nchi inayojifunza tu, kumbe amekuja kwenye nchi ambayo iliwahi kufundisha.

Lakini historia hiyo haiishii hapo, na mwenyeji mwungwana hamfichi mgeni nusu ya habari. Uchumi ulipoyumba, dawa zilikosekana. Mwaka 1991 utabibu wa kibinafsi uliruhusiwa tena. Mwaka 1993 wananchi walianza kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za umma. Sheria ya mwaka 1999 iliunda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa serikali, na mwaka huo huo wa 2001 ikapitishwa sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii kwa ajili ya watu wa vijijini. Mwishoni mwa mwaka 2023 ikapatikana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kwa mujibu wa sera, wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza wa miaka 60 na zaidi husamehewa malipo. Lakini msamaha hauna nguvu mbele ya rafu tupu. Dawa isipokuwepo dirishani, mgonjwa huandikiwa karatasi akanunue dukani, na hapo ndipo sera na mfuko wa mwananchi hukutana uso kwa uso.

Ngazi yenyewe ya matibabu yetu ni rahisi kuieleza. Chini kabisa ni zahanati ya kijiji, inayokusudiwa kuhudumia watu wapatao 6,000 hadi 10,000. Juu yake ni kituo cha afya, kinachokusudiwa watu wapatao 50,000, kisha hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali ya kanda, na juu kabisa hospitali ya taifa Muhimbili. Mwanafunzi anayeanzia juu huona wagonjwa waliochelewa tu, na huenda akarudi kwao akisema kuwa Watanzania hawaendi hospitali mapema. Anayeanzia chini huona kwa nini wamechelewa: mto uliofurika, nauli ya bodaboda, mahindi ambayo hayajauzwa. Huyu wa pili ndiye aliyejifunza.

Katika zahanati moja ya kijiji, mbali kidogo na mji wa Iringa, tulikuta siku ya kliniki ya watoto. Mizani ilikuwa imetundikwa kwenye boriti, na akina mama walikuwa wamekaa kwenye benchi refu, kadi mkononi. Kijana mmoja mgeni, mwanafunzi wa mwaka wa tano, alikuwa amekaa pamoja nao. Muuguzi mkunga, mama wa makamo aliyekuwa akishughulika tangu alfajiri, alikuwa amemwagiza asishike kitu kwanza, bali ajifunze kusalimia. Basi kila aliyeingia alipewa “kamwene”, na kila aliyepewa alicheka, kisha akajibu. Foleni iliposogea, bibi mmoja aliyekuwa amemsindikiza mkwewe alimgeukia.

“Mwanangu,” alimwuliza kwa kupitia kwa mkunga, “huko kwenu mtu akilazwa, uji anapelekewa na nani?”

Kijana alijibu kuwa hospitali ndiyo inayompikia.

“Na kumfulia?”

Akajibu kuwa hospitali pia.

“Na anayekaa naye usiku?”

Hapo kijana alinyamaza kidogo. Akasema kuwa usiku, mara nyingi, mgonjwa hukaa peke yake. Bibi alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli, kana kwamba ameambiwa habari za msiba.

Katika mazungumzo hayo mafupi mna somo zima la kulinganisha. Kwetu ndugu wa mgonjwa ni sehemu ya hospitali. Wanapika, wanafua, wanageuza kitanda, wanakimbilia dawa. Jambo hilo lina heri yake, nalo lina gharama ambayo haiandikwi katika hesabu yoyote: mke aliyeacha shamba mwezi mzima, binti aliyeacha shule amwuguze mama. Kwao hospitali huchukua mzigo huo, lakini upweke huingia mlango ule ule. Hakuna upande uliomaliza kazi. Italia ina madaktari wapatao 4 kwa kila watu 1,000, nasi hatujafikia hata mmoja kwa idadi hiyo. Hata hivyo huyu bibi wa kijijini aliona upungufu ambao hesabu ya madaktari haiwezi kuuonyesha.

Kutoka Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300. Barabara hupita kwenye misitu ya misindano ya Mafinga, ikafika Makambako, panapoungana njia ya Njombe na Songea, kisha ikateremka hadi tambarare za mpunga za Usangu. Kule Chimala, chini ya ukuta wa mlima wenye njia ya kona 57 iendayo Matamba, pana hospitali nyingine ya misheni. Ni safari ya mandhari nzuri, lakini mwanafunzi wa afya huambiwa atazame pia jambo lisiloonekana dirishani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kuwa kati ya watu wa miaka 15 na zaidi, wanaoishi na virusi vya Ukimwi ni asilimia 12.7 mkoani Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati kwa taifa zima ni asilimia 4.4. Barabara kuu, vibarua wa mashamba na misitu, na familia zinazotengana kwa ajili ya kazi, vyote vimetajwa miongoni mwa sababu.

Hapa ulinganisho hugeuka. Mgonjwa ambaye jana alinunua dawa ya shinikizo la damu kwa fedha zake, leo katika kliniki ya tiba na matunzo hupewa dawa za kufubaza virusi bila kulipa hata senti. Mpango wa taifa wa dawa hizo ulianza mwaka 2004, na kwa sehemu kubwa fedha zake zimetoka nje, hasa Marekani na Mfuko wa Dunia. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wasiwasi ulitanda katika nchi nyingi za Afrika. Mwanafunzi wa Kimarekani anayekaa kwenye benchi la kliniki kama hiyo haangalii tena mambo ya nchi ya mbali. Anatazama matokeo ya uamuzi unaofanywa na watu aliowapigia kura. Na sisi tunajifunza kuwa dawa inayotegemea mkono wa mwingine hutolewa kwa muda ambao mwingine atapenda.

Mji wa Mbeya umekaa kwenye bonde chini ya Loleza, wenye ukungu asubuhi na ndizi za Tukuyu sokoni Mwanjelwa mchana. Salamu hapa hubadilika, “ugonile” ya Wanyakyusa ikachukua nafasi ya “kamwene”. Hapa ndipo juu ya ngazi kwa nyanda hizi: Hospitali ya Rufaa ya Kanda, pamoja na jengo lake la wazazi la Meta, hupokea wagonjwa kutoka Songwe, Njombe, Rukwa, Katavi na kwingineko. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki yake ya afya mjini hapa, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo ambacho tangu miaka ya 1990 kimeshirikiana na chuo kikuu cha München, Ujerumani. Kijana wa Kijerumani hukumbuka kuwa nchi yake ilianza bima ya wafanyakazi mwaka 1883. Mwingereza huitaja tarehe 5 Julai 1948, siku huduma yao ya afya ya taifa ilipoanza. Wote wawili hufikia jambo moja: bima na huduma zao hazikushuka kutoka mbinguni, zilidaiwa na kujengwa kwa miaka mingi, na zinaweza kubomolewa.

Sasa lazima tuseme jambo ambalo adabu ya ukarimu huweza kutufanya tulimeze. Tunayo methali nyingine: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shambani hakuna hatari, akikosea atakata mhindi mmoja. Wodini jembe ni sindano na kisu cha upasuaji. Kijana akivaa koti jeupe, na hasa akiwa Mzungu, mgonjwa humwita daktari, ndugu humpisha, na katika siku yenye wagonjwa wengi na watumishi wachache ni rahisi kumwachia kazi ambayo kwao asingeruhusiwa kuigusa. Anayeumia akikosea ni mama aliyetoka kijijini, ambaye hakuambiwa kuwa aliyemshika bado anasoma. Jambo hilo limejulikana duniani kote, na mwaka 2010 kikundi cha wataalamu kilichapisha mwongozo kuhusu mafunzo ya namna hii, kikisema kuwa mwanafunzi asivuke kiwango cha elimu yake, siri ya mgonjwa ilindwe, na faida igawanywe kwa haki kati ya anayetuma na anayepokea.

Ni juu ya faida hiyo kwamba mwenyeji anapaswa kuhesabu. Mgeni hulipa ada, hununua chakula na nauli, na mara nyingine chuo chake huleta vifaa. Hayo ni mema. Lakini pia huchukua muda wa mganga mfawidhi na wa muuguzi, muda ambao ungekuwa wa mgonjwa, na hubanana pembeni mwa kitanda na mwanafunzi wetu wa Mbeya ambaye naye anataka kuona. Tena mgeni huondoka na maarifa, akaandika taarifa yake kwa lugha yake, ikasomwa kwao. Ni mara chache taarifa hiyo kurudi kwenye zahanati ilikoandikiwa. Na ni mara chache zaidi kijana wa Iringa kupelekwa Padova au Minnesota kwa mwezi mmoja, akae kwenye benchi la kule, aulize maswali ya bibi yule: nani anakaa na mgonjwa usiku?

Hatusemi milango ifungwe. Mwaka 2020 ugonjwa wa Uviko-19 ulipokatiza safari hizi, kila upande uliona pengo lake. Tunasema ukarimu uwe na masharti, kama ulivyokuwa kwa wazee wetu. Mgeni aanzie kwenye zahanati kabla ya kuonyeshwa hospitali ya kanda. Avae kitambulisho kinachosomeka kwa Kiswahili kuwa yeye ni mwanafunzi. Aandikapo taarifa, nakala irudi kwa wale waliomfundisha, nao waisome na kuijibu. Na kila chuo kinacholeta wanafunzi kumi kiwe tayari kupokea angalau mmoja wa kwetu, nauli ikiwa juu yake, maana anayependa kulinganisha hana budi kukubali kulinganishwa.

Na wewe ndugu msomaji, ambaye huenda mwezi ujao utampeleka mtoto au mzazi hospitalini, una sehemu yako. Mgonjwa ana haki ya kujua nani anamtibu. Ukimwona kijana mgeni pembeni mwa kitanda, msalimie kwanza, kisha mwulize kwa upole: wewe ni daktari au ni mwanafunzi, na msimamizi wako yuko wapi? Aliyekuja kujifunza kwa nia njema hatachukia swali hilo. Atalijibu, na huenda likawa ndilo somo lililo bora kuliko yote atakayobeba kwenda nalo kwao.